Wageni wa Nambari Moja

Watu wa Muhuru Bay wakikuambia Mokaya ni fundi wa injini, bado hawajakuambia kitu. Mafundi wa injini ni wengi. Lakini fundi wa injini za boti ambaye hajui kuogelea, haki ya Mungu, huyo ni mmoja tu ziwa zima, na ni wa kwetu. Mimi naitwa Bonareri, Mama Sheila, mwenye ile lojingi ya mabati mekundu karibu na mahali wanaanika dagaa wa omena. Nataka kuwaambia habari za Mokaya kwa sababu kila mtu hapa anasimulia vile alishikwa, na kila mtu anasimulia vibaya. Mara ati ni wivu wa kazi, mara ati ni watu wa ng'ambo ya mpaka walimchongea. Uongo mtupu. Aliyemfanyia ni mimi.

Haya, nimeshasema. Sasa nianze mwanzo.

Mokaya alizaliwa milimani upande wa Nyamira, mahali ukitaja ziwa watu wanafikiria dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Baba yake alikuwa mlinzi wa kinu cha kusaga mahindi, na mtoto akalelewa pale pale, analala kwa magunia, anaamshwa na injini. Akiwa darasa la tano alikuwa anamwambia mwenye kinu, "Leo mkanda utakatika," na kabla ya saa sita mkanda umekatika. Walidhani ni uchawi. Wapi! Ni masikio tu. Mpaka leo akija kwa injini mgonjwa haifungui kwanza. Anaweka spana juu yake, anaweka sikio kwa spana, anafunga macho. Halafu anakuambia ni plagi ama ni pistoni. Hakosei.

Mwaka wa themanini na sita mchuuzi mmoja wa samaki alimleta Sindo kutengeneza injini ya boti, kazi ya siku moja. Hiyo siku moja mpaka leo haijaisha. Kutoka Sindo akaenda Takawiri, kutoka Takawiri akaja kwetu Muhuru na mke wake Kemuma na mtoto wao Ken. Wavuvi walimwita Jakisii, yaani mtu wa Kisii, na wakamzoea. Akiingia majini maji yasipite kifua, na lazima mtu mmoja amshikie shati kwa nyuma. Wanamcheka, naye anacheka nao. "Nyinyi cheka," anawaambia, "lakini injini ikinyamaza katikati ya ziwa, mtamwita nani?"

Kwangu mimi alikuwa zaidi ya mtu wa nyumbani. Marehemu baba yangu, mzee Nyamweya, alikuwa jirani yao kule milimani, na tulipomzika mwaka wa themanini na tisa Mokaya alibeba jeneza. Mume wangu alipokufa mwaka wa tisini na tatu akaniachia watoto wanne na nyumba ya vyumba sita isiyo na dari, Mokaya ndiye alipanda juu akamaliza mabati na dari. Sikumwomba. Chakula cha mchana alikuwa akila kwangu, na mdomo wake haukunipumzisha. "Mama Sheila, huu ugali ni wa kula ama ni wa kujengea choo?" Namwambia, "Baba Ken, kama hutaki uache." Haachi hata punje.

Sasa sikieni mambo ya kitambulisho. Mwaka wa tisini na nne, amerudi Takawiri kwa kazi ya siku mbili, yule wa kumshikia shati alipiga chafya. Mokaya akaingia majini mzima mzima na kitambulisho mfukoni. Wakamtoa anatapika maji, lakini kitambulisho kilikuwa kimekuwa uji. Kupata kingine ilimchukua miaka miwili ya kupanda na kushuka, mara aende Homa Bay, mara arudi kwao milimani kuleta barua ya chifu, mara apigwe picha tena. Kilipotoka alikuja nacho moja kwa moja kwangu. "Mama Sheila, wewe una lile debe la leseni. Niwekee. Hiki maji hayatakiona." Nikakifunga kwa kitambaa, nikakiweka ndani pamoja na leseni yangu na cheti cha kifo cha mume wangu. Akitaka kusafiri anakuja kukichukua, akirudi anakirudisha.

Na mimi nilikuwa na kitabu cha wageni. Sheria ilikuwa kila anayelala lojingi aandikwe jina, anakotoka, anakokwenda na nambari ya kitambulisho. Kila Jumatatu koplo Magige wa kituo chetu anakuja, anafungua kitabu, anaangalia kama kuna mapengo, anaweka sahihi yake. Sasa niambieni, nani analala lojingi ya Muhuru? Mwezi ukiwa mkubwa omena haivuliwi, wavuvi wanashuka nchi kavu, vyumba vinajaa. Wengine hawajawahi kuwa na kitambulisho. Wengine ni wamama wa ng'ambo ya mpaka wamekuja kununua omena. Wengine ni wanaume wa hapa hapa na wanawake ambao si wao, hao hata jina hawakupi. Nikimwandika mtu na kuacha nafasi ya nambari, Magige anafoka. "Mama, mimi sitaki mapengo. Jaza."

Basi nikajaza. Watu wenye vitambulisho niliwaandika vile walivyo. Wasio navyo niliwaandikia majina kutoka kichwani. Kichwani nambari nilizokuwa najua zilikuwa mbili, yangu na ya Mokaya. Yangu ingekuwa kichekesho, mwenye lojingi analala kwa lojingi yake kila siku. Kwa hivyo niliandika ya Mokaya. Mwanzoni nilikuwa nabadilisha tarakimu moja hapa, moja pale. Baadaye nikachoka. Majina yakiisha niliazima ya nyumbani. Niliandika Omwenga, mwalimu wetu wa shule ya msingi. Niliandika hata Elkana, mzee wa kanisa letu la hapa. Siku moja kwa uvivu niliandika Monari, na Monari alikuwa fahali wa babangu. Magige akaweka sahihi. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi.

Sikuona ubaya. Ningeona wapi? Kitabu kilikuwa hakisomwi na mtu.

Ijumaa ile ya Agosti mwaka wa tisini na nane nilikuwa napika vya Sabato wakati redio iliposema bomu limelipuka Nairobi, na Dar es Salaam pia, wakati mmoja. Tulikaa kwa redio mpaka jua likazama. Kuna mtu wa ufuo huu alimpoteza dada yake huko Nairobi, tulienda kumlilia. Mimi nililia kweli. Nilisema waliofanya hivyo watafutwe mpaka chini ya mawe. Wiki iliyofuata chifu akaita baraza, akasema usalama wa nchi unaanzia mlangoni kwako, mpaka uko hapa karibu, kila mgeni ajulikane na kila lojingi iangaliwe. Nikapiga makofi na wengine. Nilikuwa mstari wa mbele, na kitambaa changu cha kichwa cha kijani.

Walikuja mwisho wa mwezi, asubuhi, Magige na wenzake wawili wasio wa hapa. Mmoja alivaa koti refu na joto lile. Wa pili alijiita Onsongo, na kwa jina tu nikajua ni wa kwetu. Wakakaa kwa meza yangu, wakaitisha kitabu. Yule wa koti akaanza ukurasa wa kwanza, kidole kwenye mstari, polepole. Tangu nifungue ile nyumba ndiyo mara ya kwanza mtu alisoma kitabu changu.

"Mama," akasema, "huyu Omwenga na huyu Obare na huyu Elkana wana nambari moja. Ni mapacha?"

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami.

"Tunahesabu majina sitini na tatu kwa nambari moja, miaka miwili. Na uko hatua chache kutoka mpaka. Hii nambari ni ya nani?"

Nikamtazama Magige. Magige alikuwa anatazama dari, hiyo dari ambayo Mokaya alinipigilia. Ukweli ulikuwa mfupi: afande, ni mimi nilijaza, nilikuwa naogopa mapengo. Maneno saba, manane. Lakini nikaona leseni inapasuliwa. Nikaona nashukishwa Migori na pingu, Sheila yuko darasa la saba na wadogo zake watatu, nani atawalisha? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni ya Mokaya. Fundi wa injini, yuko ufuoni."

"Na iliingiaje kwa watu sitini na tatu?"

"Mimi naandika kile mgeni ananiambia, afande."

Hapo ndipo nilimuuza. Kama mna mahali mnatafuta, ni hapo.

Wakauliza kama namjua vizuri. Nikasema tu ni mtu wa kwetu. Onsongo akataka kuona leseni, nikaleta debe, na kitambulisho kikatoka humo pamoja na kitambaa chake. Onsongo akakigeuza geuza. "Mtu anaachaje kitambulisho chake lojingi?" Nilijua. Nilijua habari ya Takawiri, chafya, uji, miaka miwili ya kuzunguka, na nimeisimulia mara mia watu wakishika mbavu. Nikasema, "Sijui, afande." Yule wa koti akafunga kitabu, akamwambia mwenzake kwamba sasa inaeleweka, huyu fundi anakodisha kitambulisho kwa watu wanaovuka. Wakaenda ufuoni.

Nilisimama mlangoni. Mokaya alikuwa majini mpaka kifuani, na mtu amemshikia shati. Wakamwita, akatoka, suruali inatiririka, spana mkononi. Alipopita kwangu kwenda kwa Land Rover ya kituo alinigeukia, akasema, "Mama Sheila, mwambie Mama Ken nitachelewa kurudi." Alidhani ni mambo ya mchana mmoja.

Wiki sita, jamani, bila siku moja. Walimpeleka Migori, na baada ya hapo hatukuambiwa tena yuko wapi. Kemuma alikuwa anakuja kwangu kila siku, anakaa jikoni, ananiuliza, "Mama Sheila, wageni gani hao waliosoma nambari yake? Walifungua debe wakati gani?" Nami nakata sukuma wiki, nasema sijui dada yangu, watu ni wabaya. Ufuoni walianza kunong'ona. Wale wale waliokuwa wanamshikia shati wakakumbuka ati alikuwa anapenda kukaa peke yake, ati alikuwa anasikiliza sana. Siku ya Sabato nikasimama kanisani nikamwombea kwa sauti mpaka wamama wakalia, na mzee Elkana akanishika mkono baadaye akasema nina moyo wa kipekee. Nilitamani sakafu inimeze. Nilirudi nyumbani nikawachapa watoto bila sababu.

Siku ya ishirini hivi Magige alikuja na Land Rover, akasema nahitajika Migori kuweka sahihi kwa taarifa yangu. Tuliingia kwenye uwanja wa nyuma wenye milango ya chuma, nikapelekwa chumba kimoja, nikamkuta Onsongo. Alikuwa mtu wa heshima, siwezi kumsingizia. Akanisomea taarifa yote polepole, kila neno nililosema na lile nisilosema. Halafu akaweka kalamu mezani, akanitazama.

"Mama, kuna kitu unataka kuongeza? Sasa ndio wakati."

Alijua, ama alikuwa anashuku. Mlango nilifunguliwa wazi kabisa. Nikatazama kalamu. Nikajiambia kesho, nikajiambia Mokaya ni mwanamume atavumilia, hana kosa watamwachilia, serikali si wajinga. Nikasema, "Hapana, afande." Nikaweka sahihi. Kabla ya kurudi niliomba tupitie sokoni, nikamnunulia Kemuma sukari na sabuni. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Walimwachilia mwezi wa kumi. Hawakusema ana kosa, hawakusema pole. Alishuka kwa gari la abiria barabarani, akatembea mpaka kwake, amekonda, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Watu walimuuliza. Alisema, "Nilianguka." Ni vidole vya spana hivyo.

Siku ya tatu akaja kwangu, saa ya chakula, kama zamani. Akakaa kwa kiti chake. Nikaleta ugali na samaki wa mbuta, nikaleta chai, nikazunguka zunguka nisikae. Alikula kwa mkono wa kushoto. Hakusema neno juu ya ugali, na hapo ndipo niliogopa kweli.

"Kaa, Mama Sheila."

Nikakaa.

"Walinionyesha kitabu chako. Ukurasa kwa ukurasa. Huyu ni nani, huyu ni nani." Akanywa chai. "Tarehe kumi na moja mwezi wa tano ulilaza hapa mtu anaitwa Nyamweya."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba hata babangu nilimwandika.

"Mimi nilibeba jeneza la mzee Nyamweya. Upande wa kichwa. Na Omwenga alinichapa darasa la tatu kwa sababu ya wino. Na Monari," akacheka kidogo, "Monari si alikuwa ananifukuza nikienda mtoni?"

"Ulijua, Baba Ken."

"Siku ya kwanza."

Nilianza kulia. Nilimwambia nisamehe, nilimwambia watoto, leseni, mapengo, Magige, maneno yote ambayo sikuwaambia wale. Akangoja nimalize.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Mbona hukunitaja kwao?"

"Ningesema, wangekuchukua, na mimi wasingeniacha, maana nambari ni yangu. Tungekuwa wawili ndani. Sheila angewapikia wadogo wake nini?" Akaweka kikombe chini. "Na nilijua utakuja kusema mwenyewe. Nilikuwa na hakika. Kila gari likiingia, nilikuwa nasikiliza."

Nikafuta uso na leso.

"Siku ile ulikuja Migori, nilikuwa nyuma pale, mlango wa tatu. Nilisikia ile Land Rover ikiingia. Ile gia ya pili niliitengeneza mimi, ina mlio wake. Nikasema, huyo ni Mama Sheila amekuja. Nikavaa shati. Nikafunga vifungo vyote, kwa mkono wa kushoto, ilichukua muda. Nikakaa tayari. Halafu nikaisikia ikitoka."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga. Alitoa kitambulisho mfukoni, walikuwa wamemrudishia, na mimi, Mungu anisamehe, mkono wangu ukaenda wenyewe kufungua debe. Akatikisa kichwa. Akakifunga kwa karatasi ya nailoni, akafunga na uzi wa nyavu, akajivisha shingoni. "Siku hizi nabeba mwenyewe," akasema. Akashukuru kwa chakula, akaenda.

Wiki iliyofuata nilikwenda kituoni, nikamwambia Magige nataka kuandika taarifa upya, yote. Aliniangalia kama mtu aliyeleta samaki aliyeoza. "Faili imefungwa, mama. Nenda zako. Na kile kitabu kipya, mapengo sitaki." Kwa Kemuma nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimwambia jikoni kwake, nimesimama. Hakunitukana. Alinirudishia sukari iliyobaki.

Ndiyo maana nawaambia nyinyi. Kwa kitabu kipya mgeni asiye na kitambulisho naandika "hana", na Magige afoke mpaka achoke. Mokaya bado yupo. Anaingia majini na ile nailoni shingoni, anashikiwa shati, anashika spana kwa mkono wa kushoto ambao hakuuzoea, na kazi iliyokuwa ya asubuhi sasa ni ya siku nzima. Akipita ananisalimu vizuri, anauliza watoto. Kula hali tena kwangu. Na Land Rover ya kituo ikipita hapo nje, mimi naacha kila nilichoshika, kwa sababu ile gia ya pili sasa naijua hata mimi, na ikilia namwona mtu amekaa nyuma ya mlango wa chuma, amefunga vifungo vyote vya shati, ananingoja.